Sanamu ya resini: kazi yote ya kabla hujashika rangi

Msomaji ameniandikia hivi, nafupisha: "Nimezoea modeli za plastiki, sasa nimepata sanamu ya resini ya milimita 75, askari amesimama kashika bunduki kwa mikono miwili, vipande viko 9. Gundi yangu ya plastiki haishiki kabisa, praima (rangi ya msingi inayotangulia rangi zenyewe) niliyojaribu kwenye mguu inabanduka nikikwaruza kwa kucha, mtutu wa bunduki umepinda, na bega la kushoto likikaa mahali pake linaacha nafasi inayoingia ncha ya kisu. Je niunganishe kila kitu ndo nipake rangi, au nipake kipande kimoja kimoja?"

Ndugu yangu, kwanza nikutoe wasiwasi, hiyo seti yako haina ubovu wowote. Hayo yote uliyoyataja ndo tabia za resini na kila moja lina dawa yake, ila yana mpangilio, na ukiuvuruga mpangilio utakuwa unarudi nyuma kila siku. Mfano ukibandika bunduki mkononi halafu ndo ukumbuke kunyoosha mtutu, maji ya moto yatalegeza gundi uliyoweka. Ukijaza ufa kabla hujaosha, puti itashika mafuta badala ya kushika resini. Kwa hiyo twende taratibu, na naomba uniamini kwenye jambo moja kubwa: usiweke gundi hata tone mpaka umeuona mwili mzima umesimama bila gundi.

Kuhusu gundi yako, sababu ni rahisi. Gundi ya plastiki inafanya kazi kwa kuyeyusha, yani inalainisha polistaireni ya pande mbili, zinaingiana, zikikauka zimekuwa kitu kimoja. Resini ya kumimina ni poliyurethani, ilikuwa vimiminika viwili vikachanganywa vikagandia ndani ya kalibu ya silikoni, na ikishaganda hiyo gundi haiwezi kuiyeyusha. Hapo utahitaji supa gluu au epoksi ya mirija miwili, nitarudi huko.

Tuanze na praima inayobanduka maana hiyo ndo inayokwambia ukweli. Ili kipande kitoke kwenye kalibu bila kuichana, mara nyingi kalibu hupakwa dawa ya kuteleza, na hiyo dawa inabaki juu ya resini hata kama huioni kwa macho. Jaza bakuli maji ya uvuguvugu, weka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chukua mswaki laini wa zamani usugue kila kipande pole pole, hasa kwenye mikunjo ya nguo, ndani ya kola, katikati ya vidole na nywele, maana dawa inapenda kujificha huko. Vipande vidogo vioshee kwenye chujio, kipande kikizama kwenye bomba la sinki umekipoteza hivyo. Suuza kwa maji mengi, vitandaze kwenye taulo vikauke vyenyewe, mimi huviacha usiku kucha. Ule mguu ulioshapaka praima, kama inatoka kwa kucha basi itoe yote kwa mswaki na spiriti ya isopropili kisha uoshe upya, usipake juu ya praima isiyoshika ukidhani tabaka la pili litaikamata. Ila usiloweke resini kwenye asetoni au thina kali, vinaweza kuilainisha.

Na hii ni osha ya kwanza tu. Ukimaliza kukata na kupiga msasa utaosha tena, kwa sababu ya vumbi na mafuta ya vidole vyako mwenyewe.

Hapa niseme kidogo kuhusu resini ya kuprinti maana siku hizi seti nyingi zinakuja hivyo na watu wanazichanganya. Ukiona kipande kina mistari myembamba sana ya tabaka na vidoti vidoti upande mmoja ambako vijiti vya kushikilia vilikatwa, hiyo imeprintiwa, sio ya kumimina. Hiyo inagandishwa kwa mwanga, printa nyingi za nyumbani zinatumia mwanga wa nanomita 405, na ikiwa inanata ukiigusa basi haijaiva. Vaa glavu, isafishe kwa isopropili, ikauke kabisa, ndo uiweke kwenye taa ya UV au juani kwa muda. Resini mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio, hilo usilipuuze. Kipande kikiwa na uwazi ndani angalia kama kina tundu la kutolea majimaji, resini mbichi ikibaki humo inaweza kukipasua baadae hata baada ya rangi. Yanayofuata karibu yote yanahusu aina zote mbili, isipokuwa kunyoosha, ya kuprinti mara nyingi inakatika haraka zaidi.

Sasa kukata. Kabla hujashika msumeno weka vipande vyote mbele yako, na picha ya sanamu iliyokamilika pembeni, uelewe kila kipande ni nini. Kwenye resini kuna kisiki pale ilipomiminiwa, na kuna vijiti vidogo vya kutolea hewa, lakini pia kuna vichomozi ambavyo ni sehemu ya kiungo chenyewe, vya kuingia kwenye tundu la upande wa pili. Watu wanakata kichomozi wakidhani ni taka. Ukiwa na shaka, tafuta tundu linalolingana nacho kwenye kipande kingine, ukilipata usikate.

Kisiki kikubwa kikate kwa msumeno mwembamba wenye meno madogo, acha kama milimita 1 hivi, hiyo iliyobaki uimalize kwa tupa na msasa. Usitumie koleo ya kukatia karibu na mwili, resini inavunjika kwa kumeguka, inaondoka na kipande cha kiatu. Kile kisiki cha chini ya miguu mimi nakushauri usikikate haraka, ni mpini mzuri sana wa kushikia wakati wa kazi, utakikata mwisho.

Vumbi, vumbi, vumbi. Vumbi la resini ni laini sana na halifai mapafuni. Piga msasa wa maji, yani uchovye kwenye maji kila mara, vumbi linageuka tope badala ya kuruka. Unapotumia msumeno au tupa kavu vaa barakoa ya kuchuja vumbi, zile za FFP2 au N95, barakoa ya kitambaa haisaidii hapo. Usipulize vumbi kwa mdomo, futa meza kwa kitambaa kibichi, na usile hapo.

Mstari wa kalibu, yani alama inayobaki pale pande mbili za kalibu zilipokutana, ndo adui anayejificha. Zima taa ya juu, washa taa moja pembeni mwangaza uje kwa mlalo, zungusha kipande taratibu, utauona mstari unapita pembeni ya mguu, unapanda kwenye nyonga, unapita kwapani, unaishia nyuma ya sikio. Usiukate, ukwangue kwa mgongo wa kisu, yani upande usiokata, ukiburuta kuja kwako bila nguvu nyingi. Baada ya hapo msasa namba 400, kisha 600, na kwenye ngozi tupu kama mikono na shavu malizia 1000. Kwenye mikunjo kunja msasa uwe na ukingo mkali au zungushia kwenye kijiti cha meno. Mstari ukipita kwenye nywele usilainishe, utazifuta nywele, chora upya nyuzi kwa ncha ya kisu kufuata mwelekeo wa zile za jirani. Na uso wenyewe, macho, pua, midomo, usiuguse kwa msasa kabisa kama hakuna kasoro inayoonekana.

Vitundu vya hewa navyo. Kitundu kidogo kama ncha ya sindano mara nyingi ni mdomo wa shimo kubwa lililo chini. Kichokonoe kwa sindano mpaka kipanuke ufike kwenye ukuta mgumu, ndo ujaze. Kwa vitundu vidogo napenda supa gluu iliyochanganywa na poda ya talka, inakuwa kama uji mzito, unaipachika kwa kijiti, na inasagika vizuri kwa msasa. Usiiache mpaka kesho yake, supa gluu ikikaa sana inakuwa ngumu kuliko resini inayoizunguka na msasa utakula resini badala yake.

Haya, mtutu wako. Resini ya kumimina ikipata joto inalainika, ikipoa inakaa kwa umbo uliloiwekea. Chemsha maji, yatoe motoni, yaache yatulie kidogo mpaka yafike kama nyuzi 70 hivi, shika bunduki kwa kibano uuzamishe mtutu kama sekunde 20 au 30. Utoe, uunyooshe kwa vidole vyenye glavu huku umeulaza juu ya kitu kilichonyooka kama rula ya chuma, halafu hapo hapo uuingize kwenye maji baridi ukiwa bado umeushikilia. Ukiona unakaza kabla haujanyooka usilazimishe, urudishe kwenye maji ya moto, hata mara tatu ni sawa. Mguu mnene unahitaji dakika moja au zaidi. Jua tu kwamba kitu chembamba kilichowahi kupinda kinaweza kupinda tena kikikaa penye joto, kwa hiyo kwa mtutu mwembamba hivyo mie ningeukata kabisa na kuweka kijibomba cha brasi chenye unene huo huo, kinakuwa kimenyooka milele na tayari kina tundu mbele. Hiyo ni hiari yako.

Ukifika hapa ndo unafanya ile kazi niliyokuomba uniamini. Simamisha askari mzima bila gundi. Tumia Blu Tack ile ya kubandikia mabango ukutani, tepu ya karatasi, au mpira mwembamba wa kufungia, ili mradi asimame. Mwangalie kwa mbele, kwa pembeni, mpige picha na simu, picha inaonyesha vitu ambavyo jicho limeshavizoea. Kichwa kinaangalia wapi? Mabega yako sawa?

Kwa sanamu yako kuna mtego mmoja mkubwa, na naamini hata hiyo nafasi ya bega la kushoto inatoka hapo. Mikono miwili imeshika bunduki moja, hiyo ni duara iliyofungwa: bega la kulia, mkono wa kulia, bunduki, mkono wa kushoto, bega la kushoto, kifua. Kosa dogo kwenye kiungo kimoja linatembea duara nzima na linatokea kwenye kiungo cha mwisho. Ukibandika mkono wa kulia peke yake ukakauka, hata ukikosea nyuzi 2 au 3 tu, ukifika bega la kushoto tayari limeachama. Kwa hiyo jaribu hivi. Weka bunduki kwenye kiganja cha kulia bila gundi, shikiza mkono wa kulia begani kwa Blu Tack, leta mkono wa kushoto kwanza ukae vizuri kwenye bunduki, halafu ndo uangalie bega lake linafikia wapi. Sasa zungusha ule wa kulia kidogo kidogo, juu, chini, ndani, uone nafasi ya kushoto inavyofunguka na kufunga. Mara nyingi utapata sehemu ambayo ufa umegawanyika, mdogo kulia na mdogo kushoto, na huo ndo mkao sahihi. Weka alama ya penseli inayovuka kiungo, nusu kwenye kifua nusu kwenye mkono, ili uweze kuurudia huo mkao bila kubahatisha. Kama bado kuna mahali panagusa kabla ya kufika, mara nyingi ni kisiki kilichobaki ndani ya tundu au kivimbe cha resini, kisage hicho, usisage ukingo wa nje unaoonekana.

Ukiridhika, toboa kwa ajili ya pini. Wengine wanasema kwa sanamu ndogo pini hazina haja, mimi sikubaliani nao, supa gluu inashika vizuri ikivutwa ila ikigongwa pembeni inaachia mara moja, na sanamu lazma itagongwa siku moja. Drili ya mkono, sio ya mota, mota inaleta joto resini inalainika na kuishika biti, yani ile ncha ya kutobolea. Mikono ya milimita 75 waya wa brasi wa milimita 1 unatosha, shingo hivyo hivyo, miguu milimita 1.5 au 2 kama kuna unene wa kutosha. Toboa upande mmoja kwanza, anza kwa kuchoma kidoti na sindano ili biti isiteleze, ingia kama milimita 5. Ingiza kipande cha waya chenye ncha kikiwa kimechungulia nusu milimita tu, rudisha kiungo kwenye zile alama zako za penseli, kandamiza, ile ncha itaacha kidoti upande wa pili na hapo ndo utatoboa. Tundu la pili lifanye kubwa kidogo kuliko waya, ili uwe na nafasi ya kurekebisha, epoksi itajaza hiyo nafasi.

Chini ya mguu mmoja toboa refu zaidi uweke pini inayotoka nje. Hiyo utaichomeka kwenye kizibo au kipande cha mbao uwe unashikia hapo wakati wote wa kupaka, na mwisho ndo itakayoingia kwenye kitako cha sanamu.

Kubandika kwenyewe ni kazi fupi ukishafanya yote hayo, ila soma kwanza jibu la swali lako la mwisho huko chini ujue vipande vipi vya kuacha nje. Kwaruza nyuso zinazokutana kwa msasa mkavu wa namba ndogo (vaa barakoa yako), futa vumbi. Viungo vya kawaida tumia supa gluu nzito kidogo, tone dogo, kandamiza. Gundi nyingi haishiki zaidi, inachelewa kukauka tu na mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya resini, kwa hiyo fungua dirisha pia. Usiifute kwa pamba, supa gluu na pamba vikikutana vinatoa joto kali la kuunguza. Kwa ile duara ya mikono na bunduki usitumie supa gluu, haikupi muda. Tumia epoksi ya dakika 5, au ya dakika 30 kama una subira, weka viungo vyote vya duara kwa wakati mmoja, rudisha kwenye alama, shikilia kwa tepu, uondoke uiache.

Ufa uliobaki unajazwa na puti ya epoksi, zile za vipande viwili, Milliput ni mojawapo. Chukua sawa kwa sawa, kanda mpaka rangi iwe moja bila michirizi, subiri dakika 10 au 15 ipunguze kunata, tengeneza kijiuzi chembamba, kilaze kwenye ufa, kisukumie ndani kwa kifaa kilicholoa maji, halafu lainisha kwa brashi iliyoloa. Usilainishe tu kama ukuta. Bega la koti lina mshono pale mkono unapoungana, kwa hiyo acha puti ifuate huo mshono, buruta mikunjo ya kifuani iendelee kidogo kwenye mkono, mtu akiangalia aone nguo. Ipe saa za kukauka ilizoandikiwa kwenye pakiti, ndo msasa wa maji kwa wepesi.

Sasa swali lako la mwisho, uunganishe vyote au upake kimoja kimoja. Kipimo changu ni brashi. Chukua brashi kavu, jifanye unapaka, kama inafika kila mahali bila kugonga kitu basi unganisha, kama haifiki acha kipande pembeni. Kwa askari wako miguu, kiwiliwili na viatu viwe kitu kimoja. Kichwa kiache peke yake na pini yake, uso unahitaji kuugeuza geuza karibu na macho yako. Mzigo wa mgongoni kama upo uache. Tatizo ni mikono na bunduki kupita mbele ya kifua, hapo vifungo na mifuko ya koti itajificha. Kama ukijaribu brashi ukaona hufiki, basi bunduki na mkono wa kushoto viache nje, na ufa wa bega ujazwe kwa ujanja huu: paka vaselini nyembamba upande wa kifua, weka puti upande wa mkono, sukuma mkono ukae kwenye alama zake, lainisha puti iliyotoka pembeni, subiri iwe ngumu kiasi, halafu uvute mkono taratibu. Utatoka na puti yake ikiwa na umbo halisi la lile bega, na baadae utarudi mahali pake bila ufa wowote. Ikishakauka osha vaselini yote kwa sabuni, usibakize hata kidogo. Kabla ya praima funika nyuso zote utakazobandika baadae kwa tepu au Blu Tack, maana gundi ikiwekwa juu ya rangi inashika rangi tu, na rangi ndo itakayobanduka.

Osha mara ya mwisho, kausha, kuanzia hapo shika kwa pini tu au kwa glavu. Praima ya kijivu ya spreyi, ile iliyochanganywa kwa thina na sio maji, inashika resini vizuri kuliko zile za maji za kupaka kwa brashi. Tikisa kopo dakika 2 nzima, kaa umbali wa sentimita 20 hivi, anza kupuliza nje ya sanamu, pita, malizia nje, tabaka nyepesi 2 au 3, na barakoa hapa iwe ya kuchuja mvuke au pulizia nje kabisa penye hewa. Kijivu kitakuonyesha mikwaruzo, vitundu na mistari uliyoikosa, na vitakuwepo, kila mtu vinamtokea. Rekebisha hapo tu kwa puti au msasa, pulizia hapo tu, angalia tena kwa taa ya pembeni. Kasoro iliyo ndani ya kwapa au nyuma ya mzigo ambayo haitaonekana tena, iache, nguvu hizo zipeleke usoni na mikononi.

Acha masaa 24. Kisha bandika kipande cha tepu ya karatasi mahali pasipoonekana, kwa ndani ya pindo la koti hivi, kikandamize na ukivute kwa haraka. Kikitoka safi chukua kichwa uanze na uso. Kikitoka na praima basi mahali hapo kuna mafuta yaliyobaki, itoe praima ya kipande hicho yote, osha, upulizie upya kabla hujafungua chupa yoyote ya rangi.